Utepe wa Mstari wa Tisa

Ukifika Valcendre, usianze na divai. Anza na mwanga.

Ndivyo kinavyoanza kipeperushi cha kijiji. Kimebandikwa kwenye ubao wa uwanjani, ubavuni mwa kanisa, na nakala zake zimejaa kikapuni dukani kwa mwokaji mikate, na kila mgeni anayeshuka kwenye basi huchukua yake. Mwanga wenyewe huja saa kumi alasiri, mwezi wa tisa, ukishuka kilimani mstari kwa mstari, ukiyagusa majani ya mizabibu moja baada ya jingine, mpaka ufike kwenye vigae vya nyumba na kutulia. Wageni husimama. Kisha hutoa simu zao.

Maneno hayo aliyaandika Solange, mke wa Anselme Courvoux, katika majira ya baridi ya mwisho aliyoyaona. Wazee wa kijiji walitaka orodha ya mambo ya kufanya ukitembelea Valcendre, mambo mafupi, ya kuvutia watu. Solange akaandika akiwa kitandani, kwa penseli, kama anayemwandikia mtu barua. Miaka saba imepita. Anselme hupita mbele ya ubao ule kila asubuhi bila kuutazama, kwa sababu ameyahifadhi yote, na kwa sababu akiyasoma atamsikia.

Ukifika Valcendre, nunua mkate kabla ya saa nne, ungali moto. Ukifika Valcendre, shuka kwenye ghala la mapipa, usiseme neno mpaka umeze funda la kwanza. Ukifika Valcendre, okota jiwe jeupe shambani, lishike mpaka lipate joto la mkono wako, kisha lirudishe ulipolitoa, maana haya mawe ndiyo yanayotulisha.

Na chini kabisa, mahali ambapo penseli ilikuwa imeanza kulegea: Nenda shamba la Combe, uhesabu mistari mpaka wa tisa, uende hadi mwisho wake. Utaona mzabibu mdogo. Nimeupanda mimi. Upe salamu zangu.

Aliupanda mwezi wa tatu, baridi ile ikiisha, katika shamba hilo la mume wake, penye pengo la mzabibu uliokufa, amepiga magoti juu ya gunia kwa kuwa miguu haikumbeba tena. Anselme alitaka kumchimbia shimo, akafukuzwa. "Niache, Anselme! Wewe umepanda elfu sita. Niachie huu mmoja." Alichimba kwa kijiko cha jikoni, akipumzika kila baada ya vijiko vitatu. Zabibu zilipovunwa mwaka ule, Solange alikuwa tayari amelala makaburini.

Mzabibu ukashika. Ukapanda juu ya waya, ukazaa. Wageni wakaja na kipeperushi mkononi, wakihesabu mistari kwa vidole, wakauinamia na kuusalimia kwa lugha zao, na Anselme, akipogoa mahali fulani kilimani, akajifanya hawaoni. Aliwacheka, aliwasimanga moyoni, na aliwapenda kwa hilo.

Halafu likaja lile jani.

Watu wa Valcendre wana kazi moja wanayoifanya pamoja kila mwisho wa mwezi wa nane, wanaoelewana na wasioelewana. Hujipanga chini ya kilima, kila mtu mstari wake, wakapanda taratibu wakitafuta mzabibu mgonjwa. Ugonjwa wenyewe wanauita Dhahabu, kwa sababu jani hugeuka dhahabu kabla ya wakati wake, likakunja kingo, na ukilifumba kiganjani hulia kama karatasi kuukuu. Dawa haina. Mdudu mdogo asiyefika urefu wa ukucha hufyonza jani hili, kisha lile, na mwaka unaofuata maradhi yamehama. Mzabibu mgonjwa ukionekana unafungwa utepe mwekundu, mafundo mawili, na mwenyewe anaung'oa na mizizi yake kabla ya baridi, anauchoma. Na hakuna anayekagua shamba lake mwenyewe. Unapewa la jirani, kwa kuwa jicho la mwenye shamba lina huruma.

Mwaka juzi, shamba la Combe lilikaguliwa na Ludivine Perrachet. Ni binti wa miaka ishirini na tisa, amesoma chuo cha kilimo mjini, amerudi kulifufua shamba la babu yake lililo chini tu ya lile la Anselme. Mwisho wa mstari wa tisa alisimama kitambo kirefu. Aliujua ni mzabibu wa nani. Kijiji kizima kiliujua. Akalivunja jani, likalia. Akafunga utepe, mafundo mawili, akauvuta kuona kama umekaza, akaendelea na njia yake.

Alasiri ile, mwanga ukiwa unashuka, Anselme alikwenda peke yake. Akaufungua utepe, akautia mfukoni. Halafu akaenda mwisho wa mstari wa kumi, kwenye mzabibu mzima, wenye afya, wa miaka arobaini, uliopandwa na baba yake. Akaanza kuung'oa. Ulikataa kutoka, akaukata mizizi kwa shoka, akauchoma palepale, akaliacha shimo wazi ili watu walione. Alilia alipokuwa akiukata, na hakuacha kukata.

Baada ya mavuno Ludivine alimkuta uwanjani, mbele ya wazee waliokuwa wakinywa.

"Mzee Anselme, samahani. Ule wa mstari wa tisa naona bado umesimama. Si niliufunga utepe?"

"Wa kumi, mwanangu. Ulifunga wa kumi. Nimeshauchoma, nenda kaone shimo."

"Mbona nakumbuka—"

"Kumbe chuoni hesabu wanaishia nane!" akadakia Fulbert, mzee mwenye shamba ng'ambo ya kijito na ulimi usiolala. "Tisa na kumi zinampiga chenga, jamani, na ndiye tumempa kukagua!"

Wakacheka wote. Ludivine akaenda, akaliona shimo, akakubali kwamba amekosea. Tangu siku hiyo walimwita Bibi Kumi, kwa utani usioisha, na yeye akajifunza kuhesabu mara mbili kila kitu, hata mikate dukani. Anselme aliona. Kila alipomwona akinyoosha kidole na kuhesabu, aliingiza mkono mfukoni, penye utepe.

Mwaka jana, alfajiri ya siku ya ukaguzi, alikwenda mstari wa tisa akachuma kila jani la njano, akayachoma jikoni kwake. Mzabibu ukabaki na majani yake machache ya kijani, na wakaguzi wakapita. Mwaka mmoja tu, alijiambia. Aone mwaka mmoja tu zaidi. Hakujua alikuwa akimwombea nani, mzabibu au yeye mwenyewe.

Mwaka huu kilima kiligeuka dhahabu mwezi wa nane.

Wageni waliokuja mwaka huu hawajawahi kuona uzuri kama ule. Walisimama barabarani wakashika vifua. Walipiga picha mizabibu inayokufa, wakajipiga picha wakiwa katikati yake, na mama mmoja alimwambia Anselme kwamba ana bahati ya kuishi mahali kama hapa. Alimshukuru. Angesema nini? Wakaguzi walifunga tepe mpaka zikawaishia. Katika shamba la Combe mzabibu mgonjwa ulikuwa mmoja kwa kila mitatu. Katika shamba la Ludivine, mmoja kwa kila minne. Sheria inasema ukizidi mmoja kwa mitano, shamba zima linang'olewa, wagonjwa na wazima pamoja.

Mizabibu ya Ludivine ilikuwa na miaka mitatu. Mwaka huu ndio ilizaa mara ya kwanza.

"Ni ile miche yake," alisema Fulbert, akigonga meza kwa glasi. "Miche ya kununua! Kaja na maradhi kwenye gari, kampelekea jirani yake mzee wa watu. Pole, Anselme. Pole sana, ndugu yangu."

Na Anselme akapokea pole. Aliitikia kwa kichwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini yeye aliambiwa, mezani, mbele ya watu, na akaichukua kama haki yake, na usiku hakulala, na asubuhi alikwenda tena kupokea nyingine.

Kisha Ludivine akaja mlangoni kwake. Ni desturi ya pale: anayevuna kwa mara ya kwanza hupeleka jagi la maji ya zabibu, mazito, matamu, yaliyoanza tu kuchacha, kwa jirani wa shamba la juu, kwa kuwa mvua humpitia yeye kwanza. Alikuwa amelishika jagi kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa na michubuko ya kazi.

"Nimekuletea, Mzee Anselme. Ya kwanza," akasema. "Na ya mwisho, nadhani."

"Karibu ndani."

"Hapana, nasimama tu hapa. Nimekuja kuomba radhi. Wanasema ni miche yangu. Nimefikiri sana na naona ni kweli, maana mimi ndiye niliyeleta miche migeni hapa. Nimekuulia shamba la baba yako. Na mzabibu wa Bi Solange. Sijui hata naanzaje kukuomba msamaha."

Utepe ulikuwa mfukoni. Ulikuwa mfukoni kila siku, katika kila suruali, miaka miwili. Aliugusa. Ilitosha kuutoa, ilitosha kufungua mkono.

"Usijali, mwanangu," akasema.

Akamimina, akanywa, mbele yake, kama desturi inavyotaka. Yalikuwa matamu. Yalikuwa na harufu ya mapera na mkate, zabibu njema za ardhi njema, na zingekuwa njema zaidi kila mwaka kwa miaka hamsini. Ludivine alimtazama uso akingoja neno.

"Mazuri," alisema Anselme. Binti akatabasamu, na tabasamu hilo lilimchoma kuliko tusi.

Katapila lilikuja Jumanne, mwezi wa kumi, asubuhi yenye jua. Kijiji kilisimama barabarani, kando ya shamba la Combe, kimekunja mikono. Lilianza mstari wa kwanza. Mzabibu unapong'olewa hauvunjiki mara moja. Hunyooka kwanza, hushikilia, halafu ardhi inaachia kwa sauti ya nguo inayochanika. Vumbi jeupe la mawe likapanda. Mstari wa pili. Wa tatu. Anselme alikuwa akihesabu kwa midomo, na alipogeuka alimwona Ludivine, hatua chache kando yake, naye midomo yake inahesabu, na kidole chake kinahesabu, mara mbili, kama alivyofundishwa na kicheko chao.

Hapo alishindwa. Haikuwa ujasiri, tusimpambe. Ni kwamba mstari wa nane ulikuwa umekwisha, na hakikubaki kitu cha kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Akamwendea, akafungua mkono. Utepe ulikuwa umefifia, rangi yake imekuwa ya ufizi, lakini mahali pa mafundo mawili palikuwa bado pamejikunja.

Ludivine aliutazama. Aliutazama mpaka Fulbert akasogea kuona kuna nini.

"Tisa," akasema Ludivine.

"Tisa."

"Sikukosea."

"Hukukosea, mwanangu."

"Na lile shimo la kumi?"

"Nililichimba mimi. Ulikuwa mzima."

"Ee Mungu wangu, Anselme," alisema Fulbert, na kwa mara ya kwanza tangu kijiji kimjue, hakuongeza neno.

Anselme alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe, apigwe, asukumwe vumbini mbele ya wote. Ludivine hakufanya hivyo. Aliuchukua utepe, akamshika kifundo cha mkono, bila ukali, kama mtu anayeshika shina. Akauzungusha mara moja. Akafunga fundo la kwanza, akafunga la pili. Akauvuta kuona kama umekaza. Kisha akateremka kwenye shamba lake, akakaa chini kati ya mizabibu yake ya miaka mitatu, akiwapa mgongo.

Katapila likaendelea na mstari wa tisa.

Saa kumi alasiri mwanga ulikuja, kwa kuwa haujui kuacha kuja. Ulishuka kilimani ukitafuta majani, na hapakuwa na jani. Ukaliangukia vumbi, vumbi jeupe lililosimama juu ya ardhi iliyochimbuliwa, ukaligeuza dhahabu, na dhahabu ile ikashuka polepole juu ya mawe, juu ya vigae, juu ya ubao wa uwanjani, juu ya mabega ya Anselme aliyekuwa bado amesimama palepale. Mdomoni alikuwa na ladha ya chokaa.

Mume na mke walikuja barabarani, wageni, wenye mkate kwapani na kipeperushi mkononi.

"Samahani, mzee wetu," alisema yule mwanamke. "Shamba la Combe ni wapi? Hapa imeandikwa tuhesabu mpaka mstari wa tisa. Kuna mama anataka tumsalimie mzabibu wake." Akaangalia kilima, akavuta pumzi. "Jamani, huu mwanga!"

Anselme aligeuka kwanza kumtazama binti. Chini kule mgongo wa Ludivine haukuwa umesogea. Akainua mkono wenye utepe, akaunyoosha juu ya ardhi tupu, akaanza kuwahesabia, moja, mbili, tatu, akikipeleka kidole juu ya mistari isiyokuwepo. Nne, tano. Wageni walifuata kidole kwa macho wasione kitu. Sita, saba. Nane.

"Tisa," akasema, akapaza sauti ili imfikie binti aliyeketi chini ya kilima. "Ule ulikuwa wa tisa."