Digrii wa Wodi ya Wanaume

Mideva alipoanza kazi ya unesi katika hospitali moja ndogo mjini Eldoret, alipokelewa kwa heshima isiyo na kifani: alikabidhiwa birika. Sista Benta, mkuu wa wodi ya wanaume, alimweleza kwamba nesi mpya hukomazwa na chai. Naye Walubengo, nesi aliyemtangulia kwa mwaka mmoja tu na hivyo kujiona mkongwe wa taifa, akambatiza "Digrii", kwa kuwa Mideva alikuwa amesoma chuo kikuu, dhambi ambayo haina msamaha.

"Digrii, mandazi yako wapi?"

"Digrii, huko chuoni hamkufundishwa kutandika kitanda?"

Mideva alicheka nao. Mgeni ni kuku mweupe, mamake alimwonya, basi kuku huyu akaamua kutodonoa mtu. Alidhani ukimya wake ungewachosha. Wapi! Watu hao walikuwa na pumzi za wanariadha wa mbio ndefu wa Kaptagat.

Jumanne moja asubuhi, alikuwa akijiandaa kumsafisha kidonda cha mguu Mzee Kimeli, mkulima kutoka Burnt Forest. Sista Benta akasimama nyuma yake, akapaza sauti wodi nzima isikie.

"Mzee, vumilia tu. Huyu bado anajifunza, na leo zamu ya kuharibiwa ni yako."

Walubengo alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Kimeli hakucheka. Aliuvuta mguu wake chini ya blanketi.

"Mimi si shamba la kujaribia mbegu," alisema. "Asiniguse. Na nyinyi mnaocheka, msiniguse pia."

Walimbembeleza, akawageuzia mgongo. Hadi alasiri kidonda kilikuwa hakijasafishwa. Utani ulikuwa mtamu kweli, ila maumivu yake aliachiwa mgonjwa.

Mideva alilia chooni, akanawa uso, kisha akamfuata Sista Benta stoo na kufunga mlango.

"Sista, naomba tuongee."

"Ongea, Digrii."

"Jina langu ni Mideva. Nikikosea, nionyeshe. Nataka kujifunza kwako. Lakini usinidharau mbele ya mgonjwa. Mzee amelala na kidonda kichafu kwa sababu yetu."

Sista Benta alikunja uso. "Sisi tulipoanza tulitukanwa kuliko hivyo. Kwani tulikufa?"

"Pole sana, Sista. Lakini waliokutukana, mimi sikuwa mmoja wao."

Sista Benta alifungua mlango, akatoka bila kuchukua kilichompeleka stoo.

Kesho yake alimwita Mideva wakaenda pamoja kitandani kwa Mzee Kimeli.

"Mzee, huyu ni Nesi Mideva. Atakusafisha kidonda."

"Jana ulisema atakiharibu."

Sista Benta alikohoa. "Jana nilisema mengi."

Ombi la msamaha lenyewe ndilo hilo. Anayesubiri kubwa zaidi ya hilo kutoka kwa Sista Benta na aje na godoro. Mzee aliutoa mguu. Mideva alifanya kazi polepole, na alipofika mahali pagumu, Sista Benta aliinama akamwonyesha namna ya kulowesha bandeji iliyogandamana na kidonda ili isimuumize mzee.

Walubengo bado humwita Digrii. Mideva haitiki mpaka asikie jina lake, na mwenzake ameanza kuuliza watu, kwa huruma nyingi, kama msichana huyo ana shida ya masikio.