Nati Mbili za Kabureta

Shemeji yangu Alexander alimwambia baba yake kwamba ni mzee mwenyewe aliyeiua injini ya gari. Alisema hivyo uani, kikombe cha chai mkononi, bila hata kupunguza sauti.

"Tata, hizo ringi ulizifunga vibaya. Si ni wewe uliyezifunga? Basi ndizo zimemaliza injini."

Mzee Kebaso aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili, kisha akaitia katika mifuko ya koti. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sufuria ya maziwa. Siku tatu zilizofuata sikumwona akiitoa mikono ile ila wakati wa kula.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, gari la mbio la zamani, lenye pua ndefu, milango miwili na viti viwili tu. Mzee alilinunua kwa meneja mmoja wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao, wakati yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha shamba hilo. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu na kuhamia hapa Kedowa. Waliofanya kazi naye husema alikuwa akipita kati ya mashine za kusaga majani huku amefumba macho, kisha anaonyesha kwa kidole beringi inayotaka kuharibika. Injini ya Datsun aliifungua mara moja tu, mwaka elfu mbili na tatu, juu ya meza aliyoitengeneza kwa kazi hiyo peke yake. Akabadilisha ringi za pistoni zote sita, akaifunga, na gari likapanda kila kilima cha Kericho bila kulalamika.

Miaka tisa iliyopita Alexander alilichukua akaenda nalo Mombasa, anakofanya kazi. Mwaka huu mwezi wa nne akalirudisha juu ya lori. Tangu lishushwe hapa Kedowa lilikuwa likitoa moshi mweusi, likinuka petroli, na kile kilima kifupi cha kutoka mtoni hadi kituo cha maziwa kilikuwa kinalishinda. Lakini Alexander hakuja na gari peke yake. Katika lori hilohilo alileta injini ya Toyota yenye turbo, yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani, akailaza juu ya magurudumu mawili makuukuu kando ya zizi na kuifunika turubai.

Ili iingie, sakafu ingekatwa kwa ajili ya giaboksi, na vyuma vya mbele vingekatwa ili rejeta kubwa ipate nafasi. Kipkorir, fundi wa hapa Kedowa, angefanya kazi hiyo Jumamosi. Injini ya zamani Alexander alikuwa ameshaipatia mteja mwenye mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Kilichobaki ni sahihi ya mzee kwenye fomu, kwa kuwa logbuku, hati ya gari, ina jina lake, na injini haibadilishwi bila idhini ya mwenye gari.

Mimi ni Lenah, mke wa Antony, mdogo wake Alexander. Nilisomea ufundi wa magari chuoni miaka mitatu, na sasa niko karakana ya kiwanda kimoja cha chai, natengeneza malori yanayobeba majani. Wiki hiyo nilikuwa likizo. Kwetu Abagusii, mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Hatupeani mkono, hatuketi pamoja, na neno refu hupitia kwa mama mkwe. Miaka minne niliyokaa katika boma hili, mzee hajawahi kupinda kona ya jikoni bila kukohoa kwanza, ili kama nimekaa vibaya nijiweke sawa. Sijawahi kuiona heshima hiyo kuwa mzigo. Nimeona wanawake wengi ambao hakuna anayewakoholea.

Alhamisi Kipkorir alikuja kupima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Mimi nilishika tochi. Alichomoa plagi sita, akaingiza geji silinda moja baada ya nyingine, na mimi nikawa nasoma namba moyoni: mia na thelathini na nane, mia na arobaini, mia na arobaini, mia na thelathini na tisa, mia na arobaini, mia na thelathini na nane. Alexander akafungua kitabu cha gari, akaweka kidole juu ya ukurasa, akamwita baba yake aliyekuwa amesimama penye ua.

"Kitabu inasema mia na sabini, tata. Hakuna hata moja imefika."

Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nilibaki nikizitazama zile plagi juu ya boneti. Zilikuwa nyeusi, kavu, kama sehemu ya chini ya sufuria ya kuni. Huo si ugonjwa wa ringi. Ringi mbovu huleta mafuta, plagi inalowa, na silinda moja au mbili huanguka mbali na wenzake. Namba hizi zote sita zilikuwa zinalingana kana kwamba zimekatwa kwa wembe. Na kitabu kile kiliandikwa na watu waliopima injini mahali ambapo hewa ni nzito. Kedowa iko juu sana, zaidi ya mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, geji haiwezi kusoma kama ya pwani. Vivyo hivyo na petroli. Kule Mombasa mtu aliongeza petroli kwenye kabureta mbili za gari hili, zinazochanganya petroli na hewa, na alifanya sawa, kwa sababu hewa ya kule inaitaka. Lilipopanda huku, hakuna aliyeipunguza. Gari lilikuwa linakunywa petroli nyingi kuliko hewa ya kuichoma.

Nilimpigia Antony simu kazini. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema huenda nasema kweli, lakini Alexander ni kaka mkubwa, na mambo ya kaka mkubwa na baba yana wakati wake. Nikamuuliza wakati huo ni upi, kabla ya kukata sakafu au baada. Akasema ana wateja.

Nikamfuata Kipkorir alipokuwa akipakia vyombo vyake kwenye pikapu. Nilimuuliza kwa upole magari mengine ya gereji yake husoma ngapi.

"Hapa Kedowa?" Akacheka. "Madam, mia na arobaini hapa ni gari mzuri sana."

"Sasa mbona hukumwambia mzee?"

"Mwenye kazi akisema anataka injini kubwa, mimi naweka injini kubwa. Hiyo maneno ya ringi si mimi nilisema. Toka siku ya kwanza nilimwambia Alex hii injini iko sawa, akaniambia maneno ya mzee nimwachie yeye."

Hadi dakika hiyo nilikuwa nadhani ni makosa ya mtu asiyejua. Mimi hukosea kila wiki, na ninawasamehe wanaokosea. Lakini huyu alijua. Alijua, akasimama uani na chai yake, akamwambia baba yake kwamba mikono yake iliharibu kitu anachokipenda.

Alexander alikuwa kwenye tangi la maji akisafisha viatu. Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. Nilimwambia nimeongea na Kipkorir. Hakukana hata kidogo, na sijui kama angekana ningekasirika zaidi au ningekasirika kidogo.

"Ulitaka nimwambie nini?" aliuliza. "Kwamba mimi nataka tu nguvu? Angekataa. Hiyo injini anaipenda kutushinda. Hivi nilivyofanya anaiacha bila uchungu."

"Ana uchungu. Anafikiri ni mikono yake."

"Na mikono yake haijazeeka? Mwache mzee apumzike." Akapangusa kiatu, akakitazama kiking'aa. "Ama kama unajua sana, mama diploma, mpakie kwa gari umwonyeshe mwenyewe. Si viti ni viwili?"

Akacheka. Alijua vizuri kwamba siwezi. Alichukua heshima iliyo kati yangu na baba yake, heshima ambayo yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kunishtaki kama ningeivunja, akaigeuza kufuli ya kunifunga mdomo. Nilienda nyuma ya zizi nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu maneno yote niliyopaswa kumwambia yalikuwa yananijia wakati huo, moja baada ya jingine, yakiwa yamepangika vizuri kabisa, na aliyekuwa akiyasikia ni ng'ombe.

Jumamosi asubuhi Alexander alienda sokoni kumchukua Kipkorir na grainda ya kukatia chuma. Fomu aliiacha juu ya meza sebuleni, kalamu juu yake. Nikamfuata mama mkwe alikokuwa akichambua mboga, nikamweleza yote: namba sita, plagi, hewa, na yale ambayo Kipkorir alisema. Nikamwomba ampelekee mzee maneno hayo, na amwombe asimame langoni dakika chache.

Mama aliendelea kuchambua kwa muda. "Hayo mambo ya hewa mimi siyajui," akasema. "Lakini yeye akisikia atajua." Akajipangusa mikono, akaenda.

Nilifungua boneti. Nilizipiga plagi brashi ya waya hadi zikaonyesha rangi yake, nikazirudisha. Chini ya kila kabureta ya gari hili kuna nati moja. Ukiizungusha kwenda juu, petroli inapungua. Niliipandisha ya nyuma, kisha ya mbele, nusu mzunguko, halafu nusu tena, nikihesabu kwa midomo. Niliwasha. Moshi mweusi ulitoka kama kawaida. Nikasubiri ipate joto, nikashuka nikazigusa tena nati, na taratibu moshi ukawa wa kijivu, kisha sikuuona tena. Injini iliyokuwa ikikohoa ikaanza kuzungumza.

Nikateremka na gari hadi mtoni, nikageuza penye daraja. Barabara ilikuwa na unyevu wa mvua ya jana. Nilianza kupanda kwa gia ya pili, nikatia ya tatu pale ambapo siku zote gari lilikuwa linajikwaa, nikakanyaga. Halikujikwaa. Silinda sita zilivuta pamoja, sauti ikapanda pamoja na kilima, na watu waliokuwa na madumu penye kituo cha maziwa wakageuka. Mzee alikuwa langoni amevua kofia. Hakunitazama nilipopita. Alikuwa ameinamisha kichwa na kugeuza sikio, kama ambavyo bila shaka alifanya kati ya zile mashine za majani.

Niliegesha uani, nikashuka, nikasogea hadi mlangoni mwa jikoni. Muda si muda pikapu ya Kipkorir ikaingia. Alexander alishuka akiuliza ni nani aliyegusa gari. Mzee alikuja kutoka langoni, akampita mwanawe, akasimama mbele ya Kipkorir.

"Gari za hapa kwetu husoma ngapi kwa hiyo geji yako?"

Kipkorir alimtazama Alexander, kisha akaitazama grainda aliyoishika. "Mia na arobaini, mzee. Zile nzuri."

"Na wewe ulijua," mzee akamwambia Alexander. Hakuuliza.

Alexander alianza kueleza. Alisema juu ya nguvu, juu ya vijana wa Mombasa wanaobadilisha injini na magari yakawa ya maana, juu ya spea za Datsun zisizopatikana. Alieleza vizuri. Huenda mengine yalikuwa kweli. Mzee alimwacha amalize.

"Ungesema unataka nguvu. Ningekataa, tungegombana, yakaisha. Gari ni chuma. Lakini wewe hukusema nguvu. Ulisema mikono yangu."

Alexander aliingia ndani, akatoka na begi lake, akapanda pikapu. Fomu ilibaki juu ya meza bila sahihi. Hadi leo hajaomba msamaha. Nasikia anawapigia simu watu wa ukoo akiwaambia kwamba mke wa Antony amegawanya nyumba, na wako wanaoniangalia vibaya kanisani kwa sababu hiyo. Injini ya Toyota bado iko kando ya zizi, kuku wanataga chini ya turubai. Nikiipita, bado nakasirika. Sikasiriki kwa sababu ni kubwa. Ningependa siku moja kuifunga injini kama hiyo katika gari la mtu aliyeiomba kwa ukweli.

Pikapu ilipoondoka asubuhi ile, injini ya Datsun nilikuwa bado sijaizima, na ilikuwa ikinguruma polepole. Mzee alikuwa amesimama hatua kumi hivi kutoka kwangu, akiangalia upande wa mama.

"Mwambie mke wa Antony," akasema, "ile nati ya mbele ameifunga kupita kiasi. Silinda za mbele zinalia njaa."

Mama akanigeukia akanirudia yote, neno kwa neno, kana kwamba sikuwa nimesikia. Niliisikiliza injini. Alikuwa sahihi. Ilikuwa robo ya mzunguko, labda chini ya hapo, na mimi sikuwa nimeisikia.

Nikaenda nikamwachia spana juu ya bampa, nikarudi nyuma hadi jikoni. Mzee alikohoa kidogo, kama kawaida yake, kisha akatoa mikono mfukoni.