Matairi ya Gari la Mbele

Kila mwaka joto la Agosti likishika, ukoo wetu hufunga safari ya Salala, pwani ya kusini yenye manyunyu, kutafuta ubaridi. Tunatoka mjini Adam magari manne, baada ya swala ya alfajiri, na gari la mbele ni la baba yangu, Zahran bin Mhanna. Hakuna anayelipita. Ami zangu hawalipiti, na watoto wao wenye magari makubwa kuliko lile hawalipiti. Akisimama tunasimama, akiondoka tunaondoka, na kahawa hainywewi njiani mpaka yeye ateremke. Ndivyo tulivyolelewa.

Mimi ni Rayya, bintiye mkubwa. Nafundisha wanawake kuendesha gari, na kazi hiyo imenifanya nione makosa hata pale ambapo sikuulizwa. Mume niliyekuwa naye alisema hilo ndilo lililomshinda. Basi, siku chache kabla ya safari nilimkuta baba kivulini, chini ya banda la magari, anayapaka matairi mafuta ya kung'arisha kama afanyavyo kila Ijumaa. Nikainama kuyatazama.

"Mapya haya," alisema kwa fahari. "Angalia meno yake. Hayajalika hata kidogo."

Kweli meno hayakulika. Gari lile huenda msikitini, huenda shambani kwenye mitende, huenda Salala mara moja kwa mwaka, kisha hurudi kivulini. Hapa kwetu watu wote hupima tairi kwa meno. Meno yakiwa marefu, tairi ni zima, maneno yamekwisha. Hawataki kusikia kwamba mpira huzeeka hata ukikaa, na kwamba joto letu huuzeesha upesi. Nikatafuta tarakimu nne za mwisho, zile za tarehe, na ubavu wa nje haukuwa nazo. Tarehe kamili mara nyingi huwekwa upande mmoja tu, na fundi asiyejali huugeuza upande huo ndani. Nikalala mchangani na abaya yangu, nikaingiza kichwa chini ya gari.

"Umepoteza nini huko?" baba aliuliza.

"Natafuta siku ya kuzaliwa ya tairi lako."

"Na mkunga umemwona?"

"2213," nilisema nilipotoka, mchanga umenijaa mdomoni. "Wiki ya ishirini na mbili, mwaka 2013. Baba, tairi hili lina miaka kumi na moja! Lingekuwa mtoto, lingekuwa darasa la tano."

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona mama ndani ya gari lile, na watoto wa dada yangu nyuma, na tairi linapasuka mahali fulani baada ya Haima, ambako barabara imenyooka na hakuna nyumba wala mti. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

"Gari hili haliendi Salala na matairi haya," nilisema.

Nilijiandaa kwa vita. Tangu nimjue, baba hapendi kufundishwa. Lakini aliweka kitambaa chini, akachutama kando ya gurudumu, akasema, "Hebu nionyeshe yameandikwaje haya."

Nikamwonyesha. Aliweka kidole gumba juu ya maandishi yaliyoinuka kwenye mpira, akawa anakisogeza kila nilipotaja kitu.

"Hii 265 ni upana, kwa milimita. Hii 65 ni urefu wa ubavu, asilimia sitini na tano ya huo upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopitishwa. 17 ni ringi, kwa inchi."

"Na hii?"

"112, mzigo. Tairi moja linabeba kilo elfu moja mia moja na ishirini, likijazwa upepo sawasawa. H ni mwendo, mwisho wake mia mbili na kumi."

"Mia mbili na kumi! Nani huyo mwenye haraka ya kufa?"

"Mundhir wa ami Hilal."

"Mundhir hata punda humwangusha," baba alisema, kidole kikiendelea na safari yake. "Na hapa?"

"Hapo ni joto. A ndiyo inayovumilia zaidi, halafu B, halafu C. Kwa barabara yetu mimi nataka A. C siigusi kabisa."

Alirudia yote toka mwanzo bila kukosea. Jioni zilizofuata kila mgeni aliyekuja kwetu, kabla hajamaliza tende na kahawa, baba alikuwa ameshatoka uani kulipapasa gari la mgeni. Alirudi na habari. Fulani matairi yake ni ya miaka saba. Fulani amefunga mawili ya mwendo H na mawili ya S. Wageni walikereka kidogo, mimi nilijaa furaha. Nimefundisha wanawake wengi, wakiwemo waliofeli mtihani wa kurudi nyuma kati ya mapipa mpaka mapipa yenyewe yakawazoea, na sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeshika somo namna hiyo.

Tukaenda Nizwa kununua mapya. Baba alinipa ufunguo mwenyewe. "Endesha wewe," alisema, "wewe si ndiye uliyeyatia ila matairi yangu." Nikadhani ananitania.

Mwenye duka, Sulaiyim, ni mtu wa siku nyingi na baba. Kahawa ikaja kwanza, halua ikaja, habari za mitende zikaulizwa mpaka zikaisha. Ndipo matairi yakaviringishwa mbele yetu. Baba aliinama, kidole gumba kikapita ubavuni.

"4021," alisema. "Sulaiyim, unaniuzia maiti?"

"Wallahi hilo lilijificha nyuma, ami! Leteni mengine."

Mengine yakaletwa. Kidole kikapita. "Joto B. Binti yangu anataka A, na huyu binti humjui, usijaribu."

Sulaiyim alinitazama kwa huruma ya uongo, akaamuru yaletwe ya mwisho, yale yaliyofika juzi na karatasi zake zingali zimebandikwa kwenye meno. "Haya hata kuyapapasa hakuna haja, ami," alisema. "Karatasi imeeleza kila kitu, na herufi zenyewe kubwa kama kichwa changu."

Baba aliweka kidole juu ya karatasi. Akakipitisha toka ukingo mpaka ukingo. Akakirudisha. Karatasi ilikuwa nyeupe, maandishi meusi na manene. Mimi nilikuwa nayasoma nikiwa nimesimama mlangoni.

"Hapa hakuna kitu," baba alisema.

Sulaiyim akacheka sana, akidhani ni mzaha. Kidole cha baba kikateremka polepole mpaka kikaupata mpira, na hapo kikatulia. Akasoma upana, ubavu, ringi, mzigo, mwendo, joto na tarehe, yote sawasawa, uso wake umeelekea ukutani.

Mimi, ambaye kila mwanafunzi wangu humwambia anisomee namba ya gari lililo mbele kabla hajagusa usukani, nilikaa na baba yangu siku zote zile nikimsifu kidole. Nilitaka kulia papo hapo, lakini baba havuliwi nguo mbele ya watu.

"Karatasi za dukani zina maneno mengi," nilimwambia Sulaiyim. "Baba anataka la tairi lenyewe. Funga haya. Na tarehe ikae nje."

Yalipokwisha kufungwa tulitoka, baba akanyoosha mkono. "Haya, lete ufunguo. Sasa gari limepona."

Sikuutoa. Jua lilikuwa kali na tulisimama pale tukitazamana, au mimi ndiye niliyekuwa namtazama.

"Baba, tangu lini huoni?"

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona umekasirika."

"Hilo hata kipofu angeliona!"

Neno lilinitoka, na lilipokwisha kutoka sikuwa na pa kulirudisha. Baba aliegemea boneti la gari lake. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Tangu mwezi wa Shaabani," alisema. "Pembeni naona. Katikati ndiko kuna wingu. Nikikutazama, naiona shela yako, uso sina. Nilikwenda kwa daktari. Akasema kilichokwenda hakirudi."

"Mama anajua?"

"Mama yako siku hizi kikombe ananitia mkononi, haweki tena kwenye sinia. Anajua, ila hasemi."

"Na ulitaka kutupeleka Salala hivyo hivyo?"

"Barabara ile imenyooka, Rayya. Nimeipita tangu ikiwa vumbi."

"Barabara imenyooka, baba. Ngamia hawajanyooka."

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Siku nitakapokaa kiti cha pembeni," alisema, "wataanza kunikatia nyama kwenye sinia. Watanishika mkono kwenda msikitini. Wewe huwajui watu. Wataniheshimu mpaka nife kwa heshima yao."

Nilimwonea uchungu, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba siri yake sitaitoa, lakini ufunguo simpi, si leo wala siku ya safari. Alizunguka gari, akakaa pembeni, na njia nzima mpaka Adam tulisikiliza taarifa ya habari.

Alfajiri ya safari ilinikuta sijalala vizuri. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na nilikuwa nimeapa kwamba akiudai mbele ya watu nitautupa kwenye mfereji wa mitende, liwalo na liwe. Magari manne yalikuwa yamejipanga gizani, watoto wanasinzia, mama amekaa nyuma na birika zake za kahawa. Ami Hilal, mdogo wake baba, alikuwa anafunga mizigo. Mwanawe Mundhir alikuwa ameshampandisha mkewe na mtoto wao mchanga kwenye gari lake jeupe, refu kama nyumba.

Baba akaanza kwenye gari letu, akaenda la pili, akaenda la tatu. Kila gurudumu alichutama, akapapasa, akataja kwa sauti, akainuka. Watu walimsubiri kwa adabu, wengine wakipiga miayo. Kwenye gari la Mundhir, la mwisho, alikaa sana.

"3112," alisema. "Na hapa ubavuni pana nyufa. Mundhir, gari hili haliendi."

"Ami, haya mapya! Nimeyanunua Bahla juzi tu. Tazama meno."

"Meno nimeyaacha kwa mbuzi. Haya yana miaka kumi na miwili. Mteremshe mkeo."

Mundhir aliguna kidogo, ile namna ya vijana wanapotaka kukataa bila kukosa adabu. "Ami, giza hili lote, taa huna, umesomaje? Mimi mwenye macho yangu hata ringi siioni." Akawageukia wenzake. "Ami anatuamsha usingizi tu. Twendeni, jua lisitukute."

Wakacheka, na Mundhir akafungua mlango, akakaa kwenye usukani. Baba naye angeweza kucheka pamoja nao. Ilikuwa rahisi, kicheko kilikuwa tayari na hakuna ambaye angejua lolote. Nilimwona amechutama pale, mkono wake ungali juu ya lile tairi. Ndani ya gari mtoto mchanga alilia kidogo.

"Sikuona, mwanangu," baba alisema kwa sauti iliyofika kila gari. "Nimesoma kwa kidole. Macho yangu yamekwisha tangu Shaabani. Hata jua likitoka sitaliona tairi lako, wala uso wako. Teremka. Fumba macho, weka kidole chako hapa, kisha uwaambie watu kama ami yako muongo."

Mundhir aliteremka. Alichutama pale baba alipochutama, akafumba macho kama alivyoambiwa, na alikaa muda mrefu akitafuta.

"Tatu," alisema. "Moja. Moja." Mbili akaimalizia akiinuka. Alikwenda upande wa pili, akamchukua mtoto, akampeleka kwenye gari la ami Hilal, na mkewe akafuata na mikoba.

Baba alitembea mpaka kwenye gari letu. Watu walimpisha njia. Alipapasa mlango wa kulia, ule wa abiria, mpaka akakipata kitasa, akaingia, akafunga mkanda. Ami Hilal alimkimbilia dirishani, ameshikwa na huruma.

"ZAHRAN!" alipiga kelele. "UKO SALAMA, NDUGU YANGU?"

"Hilal," baba alisema, "nimekosa macho. Masikio ninayo."

Nilikaa kwenye usukani, nikatia ufunguo. Baba alikuwa anatazama mbele kwenye kioo, penye giza letu sote. Machozi yalinishuka kimya kimya, hata mama aliyekuwa nyuma yangu hakujua.

"Pangusa kwanza," baba aliniambia taratibu. "Dereva wangu haendeshi analia."

Nikapangusa, nikawasha gari, tukaondoka.