Kipande Kisicholimwa

Tatu aliapa kwamba ameona kwa macho yake mawili. Alikuwa ametoka alfajiri kumtafuta mbuzi aliyekata kamba, na alipofika nyuma ya nyumba ya jirani yake, Bi Hajira, akamwona mtu wa shuka jekundu ameinama. Mtu huyo, kwa maneno ya Tatu, aling'oa kigingi cha mradi wa maji, akakibana kwapani kama mgonjwa anayepimwa homa, huyoo, akapotelea vichakani. Asubuhi mtu alikuwa mmoja. Jua lilipopanda walikuwa wawili, mmoja na mkuki. Kisa kilipofika kwa muuza vocha pale njia panda ya Kwamsisi, walikuwa Wamasai kundi zima, na mbuzi wa Tatu naye kaponea chupuchupu.

Maryamu, mke wa Zaidi na mkwe wa Bi Hajira, alikisikiliza chote huku akipeta mahindi uani. Hakuwa mtu wa kukatiza maneno. Alimwacha jirani amalize, ndipo akauliza:

"Uso je, uliuona?"

"Uso wa nini, shoga? Shuka si nililiona! Au unataka nimwombe na kitambulisho?"

Maryamu akatupa jicho kwenye kamba ya nguo. Kanga nyekundu ya mama mkwe wake ilikuwa imeanikwa, na pindo lake lilikuwa na udongo mbichi. Akaendelea kupeta.

Kigingi chenyewe kilikuwa na maneno mazito kuliko umbo lake. Bomba lilikuwa litoke mtoni Korogwe, lipande Handeni, kisha lichepuke kuja vijiji ambavyo watu wanaongezeka na visima vinabaki vilevile. Kwamsisi walikuwa wameahidiwa vituo vya kuchotea. Wafugaji wa tambarare nao waliahidiwa birika la kunyweshea, ng'ombe wasiingie tena kwenye lambo wanalochota watu. Kwa ajili ya lambo hilo fimbo zilikwisha kuinuliwa si mara moja. Sasa Hiza, mpimaji kutoka Kwamndolwa, alikuwa amepigilia vigingi vya kichwa chekundu njia nzima, na leo ndiyo siku ya kufunga mchoro. Mwenyekiti, Mzee Sadala, alikwisha kutoa kauli: kama ni wafugaji wanaong'oa, basi na birika lao litolewe.

Tatu alipoondoka, Maryamu akaingia jikoni. Bi Hajira alikuwa mbele ya mafiga, anachochea. Kati ya kuni palikuwa na kijiti kimoja kilichochongwa vizuri, ncha yake nyekundu imeanza kutoka malengelenge kwa moto.

"Mama, kuni hii umeokota wapi?"

"Kuni ni kuni."

"Hii ina rangi."

Bi Hajira akaisukuma ndani zaidi. "Wakikosa kijiti watakosa njia. Watapita kwingine."

"Hawaongozwi na kijiti, mama. Wana darubini yao ile ya miguu mitatu. Watachungulia, watapigilia kingine."

"Nitang'oa na hicho."

"Na Mzee Parsimei na wafugaji wenzake wanyimwe maji ya ng'ombe kwa jambo wasilolijua?"

Moshi ulimwingia Bi Hajira machoni, akajifuta kwa kiganja.

Kwao, mtoto aliyezaliwa bila kulia huzikwa na wanawake, nyuma ya nyumba, bila tuta wala jiwe. Wanaume hawaambiwi mahali. Hata mzazi mwenyewe haonyeshwi, asije akashinda hapo akilia hadi tumbo likakataa kubeba tena. Maryamu naye hakuonyeshwa alipolazwa wake. Lakini macho alikuwa nayo, na subira pia. Msimu wa kwanza baada ya msiba, walipokuwa wakilima pamoja, aliona jembe la mama mkwe wake linazunguka kipande kidogo, upana wa mkeka wa kuswalia, na kukiacha na majani yake. "Pana mawe," alisema Bi Hajira. Hapakuwa na jiwe hata moja. Tangu siku hiyo jembe la Maryamu nalo likawa linazunguka, na wala hawakuambizana.

"Unajua," Bi Hajira alisema sasa, bila kugeuka.

"Najua, mama."

"Mimi ndiye niliyemlaza. Hayo si ya kusema mbele ya wanaume, mwanangu. Baba yake Zaidi tulizeeka pamoja na hakuwahi kusikia hata habari za wa kwangu."

Nje sauti zilikuwa zimefika. Maryamu akachungulia. Hiza alikuwa amesimamisha chombo chake, jicho moja limefumbwa. Mzee Sadala alisimama naye, mikono nyuma. Parsimei alikuwa ameitwa. Aliegemea fimbo yake, mguu mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Haya, Parsimei," alisema Mzee Sadala, "ng'ombe zako siku hizi wanakula miti ya serikali?"

"Wangekula rangi ile, mwenyekiti, maziwa ya leo yangekuwa mekundu. Kwako yalifika yana rangi gani?"

Hiza akacheka chini chini. Mzee Sadala hakucheka.

"Mzaha weka kando. Ameonekana mtu wa shuka. Ndugu Hiza, futa hilo birika, tumalize."

Parsimei akashusha mguu. "Futa," alisema taratibu. "Halafu kiangazi kikija tutakutana lamboni, kama zamani."

Hiza hakufuta. Alichungulia tena, akapiga hatua mbili tatu, akachukua kigingi kipya na kukisimamisha. Kilisimama katikati ya kile kipande chenye majani.

Maryamu alimtazama mama mkwe wake. Bi Hajira alikuwa amekaa vilevile, lakini mkono wake ulikuwa umeacha kuchochea. Hakusema nenda, hakusema kaa.

Maryamu akafunga kanga vizuri, akatoka.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, Mzee Parsimei. Kaka injinia, habari za kazi."

Wakaitikia. Mzee Sadala akauliza, "Zaidi yuko wapi?"

"Kapeleka machungwa Korogwe. Maneno ni yangu mimi. Kile kigingi kilitolewa hapahapa nyumbani. Wafugaji hawahusiki."

"Nani kakitoa?"

"Hapahapa nyumbani," alirudia Maryamu, kwa sauti ileile. "Kwa sababu pale pana mtoto."

Mzee Sadala akatazama yale majani, akamtazama yeye. "Mtoto gani? Katika kijiji hiki hakuna maiti iliyozikwa nisijue."

"Huyu hakulia, mzee."

Parsimei akavua kofia yake ya sufu. Mzee Sadala alirudisha macho kwenye yale majani. Pengine alikuwa anafikiria nyuma ya nyumba yake mwenyewe, na mahali ambapo jembe la mkewe huzunguka.

"Lakini niliuliza mkutanoni," alisema Hiza polepole. "Kama kuna makaburi njiani. Mkasema hakuna."

"Walijibu wanaume waliokaa mbele, kaka."

Hiza akajikuna shingo. Alieleza kwamba bomba hilo ni kubwa, halipindi kama mpira wa bustani. Likikunjwa hapa lazima likunjwe na kule mbele, na kule mbele kuna njia ya ng'ombe wa Parsimei, na Korogwe wanausubiri mchoro jioni hii. Alisema yote hayo kwa upole, macho yakiwa chini.

"Njia ya ng'ombe ni pana," alisema Parsimei.

Mzee Sadala akakohoa, wala hakulitaja tena lile birika.

Mlangoni mwa jiko Bi Hajira alikuwa amesimama, moshi ukimpita mabegani. Maryamu akapiga magoti pembeni ya majani, bila kuyagusa.

"Kaka injinia," alisema, "maji tunayataka, na mimi ndiye ninayeyafuata mbali. Sikuombi muyaache. Nakuomba mpite pembeni yake kidogo tu. Utapita?"

Hiza alikuwa ameshika nyundo. Alikitazama kigingi, akatazama njia ya ng'ombe inavyoshuka kuelekea tambarare, kisha akakigeuza chombo chake upande huo, akainama tena na kufumba jicho moja.