Kampani ya Kutosha

Chiriku hakupewa jina hilo kwa sababu ya sauti nzuri. Alipewa na shangazi yake tangu utotoni, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa duka lisilofungwa. Akila anaongea, akipiga mswaki anaongea, na shangazi alikuwa tayari kuapa kwamba hata usingizini anaongea, tena kwa lugha mbili. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpe kazi ambayo sharti lake la kwanza ni kunyamaza, halafu kaa pembeni utazame.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye ofisi ya kutafsiri, vyumba vichache juu ya karakana ya fundi baiskeli. Wao walitafsiri karatasi za maswali, zile ambazo wagonjwa na wazee huwekewa mbele wakaambiwa watie alama panapowahusu. Utaratibu ulikuwa huu: mtu wa kwanza anayatoa maswali kwenye Kiingereza na kuyapeleka kwenye lugha nyingine. Mtu wa pili, ambaye ule mwanzo hajauona hata kwa kuchungulia, anayarudisha kwenye Kiingereza. Kisha mkuu wa ofisi anaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Zikifanana, vizuri. Zikigombana, kuna mtu amechemsha. Ndiyo maana mtafsiri na mrudishaji hawakuruhusiwa kuizungumzia kazi hata kwa kukonyezana, mpaka bahasha ifunguliwe.

Mkuu huyo waliyekuwa naye walimwita Mama Nukta, kwa sababu aliweza kusimamisha ofisi nzima kwa ajili ya nukta moja iliyokaa vibaya.

Chiriku alikuwa kwenye majaribio. Alikabidhiwa karatasi ya wazee wanaoishi peke yao, kutoka Kiingereza kwenda Kinorwe, na hiyo ndiyo ingeamua. Ikitoka safi, anapata mkataba wa kudumu na meza ya dirishani. Ikiharibika, anarudi kufundisha watoto wa watu masomo ya ziada, wale wanaofuta madaftari kwa mate. Ile meza alikuwa keshaipangusa mara kadhaa bila kutumwa na mtu.

Shida ilikuwa mrudishaji. Watu wote wa pale mjini waliokijua Kinorwe ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja na bado ukapata pa kuweka mkoba. Mrudishaji wa siku zote, Bwana Miwani, alikuwa nyumbani akiuguza jicho lililofanyiwa upasuaji. Aliyebaki ni shangazi mtu, ambaye alifanya kazi ya uuguzi miaka mingi huko kwenye theluji, na hukohuko akamlea Chiriku baada ya kaka yake, baba wa Chiriku, kufariki. Sasa amestaafu, na wanaishi wawili tu, nyumba moja, birika moja.

"Hili silipendi," Mama Nukta aliwaambia siku ya kuwapa kazi, "ila sina mwingine. Neno moja likivuka meza ya chakula, karatasi imeharibika."

"Mimi na mdomo wangu hatuna ugomvi," shangazi akasema.

Wote wawili wakamgeukia Chiriku.

"Jamani! Mbona mnaniangalia hivyo?"

Nyumbani maisha yakawa ya ajabu. Chiriku akirudi, shangazi anauliza, "Za kazi?" kisha kabla hajajibiwa anaongeza, "Usinijibu." Chiriku akifungua kinywa kuomba chumvi, shangazi ameshanyoosha mkono kwenye redio. Walizungumza habari za bomba linalovuja, za jirani na paka wake, za bei ya sabuni, na habari hizo zilipokwisha walimrudia paka.

Chiriku angevumilia, lakini akakwama. Lilikuwa swali fupi kuliko yote: mzee aseme kama ana "company" ya kutosha. Chiriku alilicheka mwanzoni. Baadaye kicheko kikamkauka. Kiingereza kilikuwa kimelirundikia neno hilo mizigo kama mtu anayehama kwa safari moja: watu wa kukaa nao, wageni, biashara yenye mkurugenzi, kikosi cha askari. Kinorwe kilikuwa na maneno yake. "Firma" ni biashara, hiyo iende zake. "Kompani" ni ya jeshi, na bibi wa watu hawezi kuulizwa kama ana askari wa kutosha. "Besøk" ni wageni, lakini mgeni hunywa chai akaondoka. Lilibaki "selskap". Hilo lilikuwa karibu kabisa na kinachotakiwa, ila nalo huvaa nguo zaidi ya moja: leo ni watu wa kukaa nawe, kesho ni karamu yenye vitambaa mezani. Kwa Kiswahili angeandika kampani ya kutosha, akafunga kompyuta, akaenda zake. Lakini Kiswahili hakuna aliyekiomba.

Ofisi ilikuwa na dawa ya mambo kama haya. Swali lenye mashaka hujaribiwa kwanza kwa mtu hai, wa umri unaohusika, anayeijua lugha. Unamuuliza, unanyamaza, unaona kama anajibu ulichouliza au anajibu kingine. Chiriku alipiga hesabu kichwani: mtu mzima, anayejua Kinorwe, aliye karibu. Kila akihesabu, anafika mlango uleule wa jikoni kwao, na mlango huo ulikuwa marufuku.

Jioni hiyo shangazi alikuwa anamenya viazi. Mtoto huyu akaegemea friji, akatazama dari kama mtu anayetafuta buibui, akauliza kwa Kinorwe, kwa sauti ya mtu asiye na shida na dunia. Nyumbani kwao kuchanganya lugha hakukuwa ajabu.

"Shangazi, hivi wewe selskap unayo ya kutosha?"

"Selskap? Unataka kunifanyia sherehe? Hata gauni sina."

Chiriku akauma ulimi. Basi, neno limeanguka mtihani. Akawa anageuka kuondoka, lakini shangazi hakuwa amemaliza. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Kama unauliza mtu wa kuwa naye," akasema polepole, kwa Kinorwe kilekile, "ninaye. Kwa sasa."

"Kwa sasa ndiyo nini?"

"Si ukipata mkataba unahama? Ulisema mwenyewe. Ulisema unakimbia kukoroma kwangu."

Utani ule Chiriku alikuwa ameutoa zamani, wakicheka wote, naye alikuwa keshausahau. Sasa aliutazama ukirudi na sura nyingine kabisa. Angesema kitu. Lakini kichwani, katika dakika hiyohiyo, sentensi ilikuwa inajiandika yenyewe: "noen å være sammen med", mtu wa kuwa naye. Si karamu, si biashara, si askari. Ndiyo hiyo! Akakimbilia chumbani kuiandika kabla haijapotea.

Aliporudi, viazi vilikuwa motoni, redio juu, na shangazi amempa mgongo.

Karatasi ikakabidhiwa. Shangazi akaanza kwenda ofisini kila asubuhi na kujifungia chumba cha nyuma na kalamu yake. Nyumbani ukimya ukaendelea, ila ladha ilibadilika. Ule wa kwanza ulikuwa wa kuchekesha. Huu ulikuwa wa mtu anayekupakulia chakula vizuri, anakutakia usiku mwema, halafu anafunga mlango wake kwa upole. Chiriku alijaribu hadi habari za paka. "Mzima," shangazi akasema, na paka akaishia hapo.

Siku ya bahasha walikaa watatu. Mama Nukta alizilaza karatasi mezani, akashusha rula mstari kwa mstari. Kulala, sawa. Kutembea, sawa. Kupika mwenyewe, sawa, ingawa mkato mmoja ulimkera. Chiriku alianza kuitazama meza ya dirishani kama bibi harusi. Kisha rula ikasimama.

"Hapa pana nafasi tupu. Umeruka?"

"Sikuruka," shangazi akasema. "Nimepaacha."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenye swali."

Rula ikageuka na macho yakageuka. Chiriku aliona njia ya kutokea, pana kabisa: aseme shangazi ni mtu mzima, amechoka, amepitiwa. Nani angebisha? Shangazi mwenyewe alikuwa anatazama nje, kwa fundi baiskeli, kana kwamba habari hii haimhusu. Hakumkatalia njia ile, wala hakumwonyesha.

"Nilimuuliza jikoni," Chiriku akasema. "Alikuwa anamenya viazi. Hakujua ni kazi. Maneno niliyoandika pale ni yake, nimeyachukua kinywani mwake yalivyo."

Na akaeleza yote, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alieleza kwa kifupi.

Mama Nukta aliiweka rula chini, ikae sawa na ukingo wa meza.

"Ulihitaji mtu mzima anayejua Kinorwe wa kumuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Bwana Miwani anaumwa jicho. Masikio yana nini?"

Chiriku akajishika sikio.

"Simu unayo, namba yake iko ukutani, mzee wa watu amelala nyumbani hana la kufanya, angeshukuru hata kwa kupigiwa kimakosa. Wewe ukaona umuibie shangazi yako." Akavuta pumzi. "Sentensi ni nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kwenye karatasi hii nzima hakuna iliyo nzuri kuizidi. Lakini karatasi inakwenda kwa Bwana Miwani, anaanza kazi wiki ijayo, anarudisha yote upya. Na majaribio yako yanaanza upya na karatasi nyingine. Meza ya dirishani tutaweka printa."

Printa ikabebwa hapohapo, na aliyeambiwa ashike upande mzito ni Chiriku.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mtaa ulikuwa na shughuli zake, watu wanaanua nguo, mtu anapiga misumari mahali fulani.

"Ungejaza tu," Chiriku akasema mwishowe. "Mtu wa kuwa naye. Ingefanana."

"Kalamu niliishika."

"Halafu?"

"Halafu nikajua nikijaza, kila ukikaa kwenye ile meza nitakuwa nimekaa chini yake." Akarekebisha mkoba begani. "Na sikununa kwa sababu ya sheria, usijipe umuhimu. Nilikujibu, ukakimbia. Nikafikiri jibu langu limekutisha. Mpaka nilipokuta maneno yangu yamepigwa chapa, ndiyo nikajua ulikokimbilia."

Chiriku akampokea ule mkoba.

"Nisamehe, shangazi. Na ule wa kuhama ulikuwa utani."

"Utahama tu, mwanangu. Mtu hakai kwa shangazi yake mpaka aote mvi. Ila siku hiyo uniage kwa kuniaga. Usiniage kwa utani wa kukoroma."

"Lakini unakoroma kweli."

"Hilo sikukataa."

Jioni Chiriku alitandaza karatasi mpya mezani, maswali ya watu wenye maumivu ya mgongo. Shangazi alileta chai, akaitazama kwa jicho la pembeni, kisha akageuza kichwa haraka, kwa mazoea. Halafu akakumbuka.

"Hii mrudishaji wake ni nani?"

"Bwana Miwani."

"Kwa hiyo mimi sina cheo tena?"

"Huna. Wewe ni mtu wa kawaida tu."

Shangazi alizima redio. Akavuta kiti, akakaa wima, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyeitwa na daktari.

"Basi niulize. Lakini kwa sauti yako ya kawaida, si ile ya kutafuta buibui darini."

Chiriku akashika kalamu, akatazama swali la mgongo, akaona mgongo unaweza kusubiri. Akaiweka kalamu mbali, upande wa pili wa birika. Akauliza kwa Kinorwe, neno kwa neno kama lilivyoandikwa kwenye ile karatasi iliyoharibika: una mtu wa kuwa naye, wa kutosha?

Shangazi akatazama dari, kama na yeye anatafuta buibui. Chiriku hakusogea, wala hakusaidia.

"Inategemea," shangazi akasema. "Leo anaosha vyombo nani?"