Mlango wa Dona Ermelinda

Horácio alikuwa fundi, hilo hakuna wa kumpokonya. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akivalisha matofali nyumba mpya za pembezoni mwa Toronto. Wenzake husimamisha fremu ya mbao inayobeba nyumba nzima, kisha yeye huja kupanga safu moja ya matofali kwa nje. Koti tu. Livue, nyumba haitikisiki. Ila mazoea nayo yana taabu zake: jicho hujibu kabla halijaulizwa.

Jumamosi hiyo alikuwa akimtobolea mama mkwe wake mlango. Dona Ermelinda alikuwa amevunjika nyonga, na ngazi za mbele za nyumba yake kuukuu, kule mitaa ya kati, zilimshinda. Alitaka mlango mpana wa ubavuni, atoke jikoni kwa kiti cha magurudumu akaone kabichi zake. Sasa alikuwa amelala ghorofani, alikopandishwa kwa kubebwa, juu kabisa ya pale tindo la mkwe wake lilipokuwa likilia.

"We Horácio!" sauti yake ikashuka dirishani. "Unatoboa mlango au unatwanga mahindi?"

"Pumzika, Mama. Navua kifungo kimoja tu cha koti!"

"Hiyo nyumba yangu, si koti la babu yako!"

Lurdes, mkewe, akatoka jikoni na sahani ya samaki. Akautazama ukuta, akaguna.

"Hujaweka hata nguzo. Huu si ukuta unaobeba?"

"Nimegonga ndani, panalia wazi. Kuna jipsamu na mbao."

"Na haya matofali yanayoonyesha vichwa?"

Horácio akacheka. Kwenye ukuta wa zamani, kila baada ya safu kadhaa mafundi walilaza tofali kuelekea ndani, kichwa tu kikabaki nje, likaunganisha tabaka mbili za matofali zikawa ukuta mmoja mnene wa kubeba sakafu na paa. Lakini matajiri wa nyumba mpya waliipenda sura ile, naye akawa anakata matofali nusu kwa nusu na kupachika vichwa bandia. Danganya toto! Alikuwa amekata malori kwa malori. Akiona kichwa cha tofali, yeye huona nusu.

"Urembo huo, mke wangu. Hiyo kazi yangu mimi."

Alikuwa ameshaukata ukuta kwa msumeno na kung'oa safu kadhaa. Nyuma ya safu hizo yakatokea matofali mengine. Moyo ulimdunda kidogo, akaunyamazisha: bila shaka watu wa zamani walijazia matofali katikati ya mbao. Kiburi hakikosi sababu. Akaendelea kung'oa, ya nje na ya ndani.

Kisha akavuta kichwa kimoja, nacho hakikukatika nusu. Kilitoka tofali zima, refu, na chokaa kuukuu ikamwagika nyuma yake kama unga. Ndani zaidi akaona vile vijiti vya mbao vyembamba vilivyoshikilia jipsamu. Havikuwa fremu. Havikuwa vimebeba chochote.

Juu yake kitu kikalia, kaa! Ufa ukapanda mpaka dirishani kwa Dona Ermelinda.

"Lurdes! Mtoe Mama! Sasa hivi!"

Sahani ikaanguka, Lurdes akapanda ngazi mbio. Horácio akatimua mbio hadi kwenye gari lake, akachomoa nguzo ya chuma, moja tu aliyokuwa nayo, akaisimamisha chini ya matofali yaliyoning'inia na kuanza kuzungusha skrubu yake ipande. Vumbi likamwagikia machoni.

"Sitoki nje na gauni la kulalia!" Dona Ermelinda alikuwa akifoka juu. "Nipe sketi yangu!"

"Mama, ukuta unaanguka!"

"Na majirani je?"

"Mbebe!" Horácio akapiga kelele. "Mbebe hata uchi!"

Nguzo ikaanza kulala. Akaiegemea kwa bega. Tofali likamgonga mgongoni, jingine likapita sikioni. Alijua akiiachia kabla hawajatoka, yule mama ataanguka pamoja na kitanda chake, na aliyemuua atakuwa ni yeye. Akamwomba Mungu kwa sauti, bila aibu. Ngazi zilikuwa zikilia upande wa pili, hatua moja, kimya, hatua nyingine.

Hatimaye ikaja sauti ya Dona Ermelinda kutoka barabarani: "Tumetoka! Achia, mpumbavu wewe, achia!"

Akaruka. Ukuta ukavimba, ukajimwaga wote uani. Sakafu ya ghorofani ikainama, kitanda cha Dona Ermelinda kikateleza taratibu kikaanguka juu ya kabichi.

Alimkuta mama mkwe amekaa ukingoni mwa barabara, amefunikwa koti la jirani. Horácio akapiga magoti. Machozi yalichora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Nilidhani ni bandia, Mama. Nisamehe."

Kibao kikamlia shavuni. Kisha mkono uleule ukamkamata kola, ukamng'ang'ania, hauachii.

"Matofali hayo yasafishe chokaa, moja moja," akasema, midomo ikimcheza. "Uujenge ukuta vilevile, kwa matofali mazima. Nitakusamehe siku nitakayolala humo tena."