Kadi Mbili na Bisibisi Moja

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wakazi wote wa mtaa wa West Indies, Eldoret, na vitongoji vyake, mimi Lenny Wesonga, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni upande wa Kaptagat, natangaza kwamba likizo hii niliteuliwa kuwa jaji katika kesi nzito kuliko zote zilizowahi kusikilizwa sebuleni kwetu. Niliteuliwa kwa sababu nina vidole vyembamba. Pia, hakukuwa na mtu mwingine nyumbani ila Mama.

Kaka yangu Walubengo na rafiki yake Kuria walikuwa wanafungua chumba cha kuchezea gemu, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Kompyuta ilikuwa tayari, viti viliazimwa kwa kina Kuria, na pasta alikuwa ameshaalikwa kuja kuombea mahali hapo Jumamosi. Kilichobaki ni kadi ya picha, kile kipande kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Walubengo alitaka Nvidia, ambayo mashabiki wake huiita ya kijani. Kuria alitaka Radeon, ile nyekundu. Walibishana hadi fundi wa kuandika bango akaondoka akiwa amemaliza neno la kwanza tu.

Gideon, mwenye duka la kompyuta mjini, alichoka kuwasikiliza. Akawapa kadi zote mbili wakajaribu, mradi ile itakayoshindwa irudi kwake Ijumaa.

Kabla ya jaribio, Mama alitoa sala, maana kwetu hakuna kikao kinachoanza bila sala. Aliziombea kadi zote mbili bila upendeleo. Halafu nikawatoa Walubengo na Kuria nje.

"Jaji lazima abaki peke yake," nikasema. "Nikiweka ya kwanza nitawaita. Mtacheza, mtatoka, nitaweka ya pili. Mkishachagua ndipo nitakapotaja jina."

"Na usitucheze, wewe kijana," Kuria akasema.

"Mzee, mimi ni mtu wa haki."

Nikafunga mlango, nikaketi sakafuni, nikagongagonga kasha la kompyuta kwa bisibisi ili walio barazani wasikie kazi ikiendelea. Sikuweka chochote. Kompyuta ya kisasa inaweza kuchora picha zake kidogo bila kadi, na ile gemu ya magari niliyoichagua haikuwa na makuu. Nikawaita, wakacheza, wakakunja nyuso. Nikawatoa, nikagonga tena, nikawaita tena. Kila kitu kilikuwa vilevile.

"Sasa hii ndiyo kadi," Walubengo akasema kabla hata gari halijapiga kona. "Ona vivuli vilivyolainika."

Kuria alisogeza pua karibu na skrini. "Hapo nakubali. Ona majani ya miti, ni kama yanapumua. Hii ndiyo Radeon yangu. Naijua hata nikiwa usingizini."

Mpango wangu ulikuwa kungoja chai, kisha nitoe hotuba ya kufichua ukweli, tucheke. Lakini shetani akanipanda kichwani. Nikasimama, nikakohoa kama hakimu.

"Mahakama inatangaza kwamba ya pili, iliyosifiwa na pande zote, ni Nvidia."

Nilitarajia kelele. Kuria aliondoa pua yake kwenye skrini. Walubengo ndiye aliyecheka, akacheka hadi akashika ukuta, na alipomaliza akasema jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

"Yaani umepigia debe kitu ambacho hata ukikiona hukijui. Sasa nitakuachia vipi funguo za chumba, Kuria? Afadhali mimi ndiye niwe mwenye chumba, na wewe unisaidie tu."

"Umemaliza?"

"Na kwenye bango lile tuandike jina langu peke yake."

"Kumbe ndivyo unavyoniona," Kuria akasema, polepole sana.

Akachomoa waya wake wa umeme ukutani, akauviringisha mkononi. Akachukua boksi la kadi nyekundu, akalitia kwapani. Akapanga viti vya kwao, kimoja juu ya kingine, akavibeba akatoka navyo. Mama alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Ilibidi asogee ili viti vipite.

Ni muhimu mjue kwamba mama yetu na Mama Kuria walikimbia ghasia za uchaguzi kule Burnt Forest kwenye lori moja mwaka wa 2008, wakiwa na godoro moja kati yao, watoto wa kila upande wamelazwa juu yake. Mimi bado nilikuwa tumboni. Tangu hapo sijawahi kuona kiti cha kwao kikitoka kwetu hivyo. Shuleni, mzaha ukiharibika unapewa fyekeo, unakata nyasi, mambo yanaisha. Hapa nilitazama sinia ya chai mikononi mwa Mama, na ile hotuba yangu sikuitoa.

Kesho yake Mama alikutana na Mama Kuria kwenye kioski cha maziwa. Akarudi na kusema wamesalimiana kama watu waliokutana benki. Hakumaliza chakula chake. Nami sikusema kitu.

Jioni mlango ukabishwa. Kuria akaingia, akamsalimu Mama, na bila kuketi akaweka mezani mfuko wa kijivu, ule ambao kadi hufungiwa kiwandani. Stika yake ilikuwa haijakatwa.

"Nimetoka kwa Gideon kurudisha hii," akasema. "Ameniuliza kama tuliipima kwa kuinusa."

Walubengo aliushika ule mfuko, akaugeuza. Halafu akachukua bisibisi, akafungua kompyuta. Ndani, mahali pa kadi, palikuwa wazi.

"Lenny. Ile ya kijani iko wapi?"

Nikaenda nikaitoa chini ya godoro langu. Nayo stika yake ilikuwa nzima.

"Kwa hivyo ya kwanza ilikuwa gani?"

"Hakuna."

"Na ya pili?"

"Hakuna pia. Ni kompyuta yenyewe, na mimi nikigonga bisibisi."

Sijawahi kuona watu wazima wawili wamepigwa na butwaa namna ile. Kuria akamgeukia kaka yangu.

"Buda, wewe uliona vivuli vikilainika."

"Na wewe uliona majani yakipumua."

Hakuna aliyecheka, ingawa Kuria aliketi. Aliketi kwenye stuli ya jikoni, kwa kuwa viti havikuwepo.

"Lenny," Mama akasema, "simama uongee."

Nikasimama. "Kwa heshima na taadhima..."

"Bila heshima na taadhima."

Mikono yangu ilikosa mahali pa kukaa.

"Ni mimi," nikasema. "Sikuweka kadi yoyote. Nilitaka mjisifu kwa kitu ambacho hakipo, halafu niwacheke. Viti vilipotoka niliogopa, nikanyamaza, na hata leo nilikuwa nanyamaza tu. Kuria hakukosea, Mama. Hakukuwa na kadi ya kukosea. Nitaenda mwenyewe kumwambia Mama Kuria, na viti nitavibeba mimi."